Ubao wa Kalume pale Bifi

Kwenye ramani za reli za Sydney stesheni ile ina jina lake la Kizungu, na kila anayeshuka pale hulisikia likitangazwa. Wakongo wa mtaa jirani wa Macquarie Fields hawana habari nalo. Wao wanaiita Bifi, kifupi cha neno la Kifaransa la mahali reli zinapogawanyika, na hata watoto wao wasiotaka kusema Kiswahili husema "Bifi" bila kujua limetoka wapi.

Zamani Bifi ilikuwa kituo kidogo kando ya mashamba. Kisha ikaja njia ya pili ya reli kutoka upande wa uwanja wa ndege, na miaka ya karibuni ikaja ya tatu, ya kwenda vitongoji vipya ambako nyumba zimeota haraka kuliko miti. Ikabidi yajengwe madaraja ili treni ipite juu ya treni mwenziwe. Leo anayekwenda kanisani Seven Hills, anayempelekea shemeji yake sombe, yaani kisamvu, anayefuatwa na gari la wenzake kwenda kwenye maghala ya Wetherill Park, wote wanakutana pale. Posa zimepangwa kwenye mabenchi ya Bifi na zimevunjwa papo hapo. Kama kuna mtu hutaki kumwona tena maishani, hama Sydney, maana Bifi utakutana naye tu.

Kalume Wilondja alikuwa mfanyakazi wa hapo. Alifagia, alitangaza, aliwaelekeza waliopotea, na kila treni iliposimama aliinua bendera kumjulisha gadi kwamba hakuna mtu aliyebaki mlangoni. Kazi yake nyingine ilikuwa ubao. Mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kuruka pengo kati ya jukwaa na behewa, kwa hiyo mfanyakazi huleta ubao mwepesi wa kukunjwa, huulaza mlangoni, humsukuma abiria ndani, kisha hupiga simu stesheni anakoshukia ili mwenzake amngoje na ubao wake. Bila ubao, mtu wa kiti hapandi wala hashuki. Abiria wengi hawajui hata kama kazi hiyo ipo.

Kalume hakuwa mtu wa maneno mengi, na wenye midomo walisema anaringa. Hakuwa anaringa. Alikuwa na chuki moja tu, aliyokuja nayo kutoka Kongo ingawa hata mzigo wa nguo hakuwa nao, na aliitunza vizuri kuliko wengine wanavyotunza ndoa.

Alizaliwa Kahenga, mji mdogo wa reli kaskazini mwa Katanga, nao pia ni njiapanda: reli moja yaelekea ziwani, nyingine yaenda kusini kwenye migodi. Baba yake, Wilondja, alikuwa aiguilleur, yaani mgeuza reli. Nje kidogo ya stesheni palikuwa na levier, mkono mrefu wa chuma. Ukiuvuta, reli zinahama na treni inashika njia ya ziwani. Ukiuachia, zinarudi kwenye njia ya migodini. Siku za nyuma levier ile ilikuwa na komeo la kuishikilia chini. Komeo likavunjika, serikali ikaahidi jingine, na kila Mkongo anajua ahadi za namna hiyo huishia wapi. Kwa hiyo Wilondja aliishikilia kwa mikono na uzito wa mwili wake mpaka gurudumu la mwisho lipite. Ikiachiwa katikati, mabehewa ya mbele yatakwenda huku, ya nyuma yatakwenda kule, na treni nzima italala ubavu.

Vita vilipofika Kahenga, ikabaki treni moja ya kwenda ziwani. Mkuu wa stesheni alikuwa Siméon, mtu wa kofia yenye utepe na Kifaransa cha kupasua masikio. Watu walijazana kwenye mabehewa ya mizigo, Kalume na mama yake Généreuse wakiwa humo, na risasi zimeanza kusikika upande wa soko. Lazima mtu mmoja ashike levier. Siméon alimwambia Wilondja mbele ya mkewe, "Nenda ushike. Treni itaenda polepole, na behewa la mwisho litakuchukua." Généreuse aliyasikia kwa masikio yake.

Treni haikwenda polepole. Kupitia mwanya wa mbao Kalume, aliyekuwa mtoto, aliona mgongo wa baba yake umeinama juu ya chuma, ukapita, ukapotea. Hawakumwona tena.

Kama ingekuwa kifo tu, wangelia na wangezika hata nguo zake. Lakini juma lile lile treni za waasi zilianza kutembea Kahenga, na kambini Tanzania watu wakaanza kuulizana nani aliyewageuzia reli. Siméon akajibu kabla hajaulizwa mara mbili. Alisema Wilondja alikataa kupanda, kwamba alikuwa na watu wake msituni siku nyingi, na aliuza njiapanda. Neno la mkuu wa stesheni dhidi ya neno la mwanamke mwenye mtoto mkononi: utapima mwenyewe lipi lilikuwa zito. Tangu hapo Généreuse akawa mke wa msaliti, na mke wa msaliti hafanyiwi matanga. Alijifunga kitambaa cheusi kichwani na hakukivua, kwa sababu kitambaa cha mjane hufunguliwa siku ya kuanua matanga, na Wilondja hakukaliwa. Wala hakuwa mjane kamili, wala hakuwa mke.

Milima haikutani. Kalume na mama yake walipata makazi Australia, na baada ya miaka Siméon naye akaletwa na binti yake Falone, Macquarie Fields hiyo hiyo. Kisukari kilikuwa kimemla mguu na figo. Kanisani alipokewa kwa nyimbo na akapewa kiti cha mbele, ingawa tayari alikuwa na cha kwake cha magurudumu. Généreuse alitoka ibadani siku hiyo na akahamia kanisa la Waburundi, ambako hakuelewa nusu ya mahubiri.

Mwaka huu moyo wa Généreuse ulianza kumsumbua, na daktari hakumficha. Akamwita mwanawe. "Kalume, miye sitaki kuenda na kitambaa hiki. Baba yako abaki na jina, halafu nifunguliwe. Basi, sina demande ingine."

Kalume alikwenda kwa Mama Déborah, mwenyekiti wa mutualité, chama chao cha kuzikana na kusaidiana. Mama Déborah ni mama wa haki lakini ni mgumu kama ganda la nazi. Alimwambia kwamba kwa desturi yao matanga hufunguliwa na neno la yule aliyemwona marehemu mwisho. Yeye ndiye husimama kwanza akasema mtu huyu alikufaje na alikuwa mahali gani. "Mwenye alimuona ni Papa Siméon," alisema. "Siméon anasema baba yako alibakia na waasi. Akigeuza neno lake, kesho yake tunapika. Asipogeuza, batu hawatakaa matanga ya traître, ya msaliti, na miye siwezi kubalazimisha."

Kalume akaenda kwa Falone, akakaa kwenye kochi lenye vitambaa, akamwita mzee Papa, akaomba. Siméon alimsikiliza mpaka mwisho huku akitazama televisheni iliyozimwa sauti. "Petit," alisema, kama anayemwita mtoto mdogo, "mambo ya vita yalikwisha. Wewe kunywa Fanta yako." Kalume aliiacha Fanta mezani haijafunguliwa, akaondoka.

Basi jina *Papa* likafa siku ile.

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa Siméon alikwenda hospitali ya Liverpool kusafishwa damu, na kutoka Macquarie Fields huwezi kwenda Liverpool kwa treni bila kubadilisha Bifi. Zamani Falone alimsindikiza. Alipopata kazi ya mchana ghalani mzee akaanza kusafiri peke yake, na kila safari aliteremshwa jukwaani mbele ya miguu ya Kalume kama kifurushi ambacho mwenyewe hakukiagiza.

Hakuna kanuni ya reli iliyovunjwa. Kalume aliweka ubao, alisukuma, alipiga simu. Ila hakumwamkia. Mzee wa Kikongo apite mbele yako asubuhi usimwamkie, afadhali umtemee mate, maana mate hufutwa. Kalume alizungumza naye Kiingereza tu, kile cha kazini. "Where are you travelling today, sir?" Alijua anakokwenda. Aliuliza kila mara, na kila mara akangoja ajibiwe. Lile "sir" lilimchoma Siméon kuliko tusi, na ilionekana linavyomchoma.

Mzee naye hakuwa malaika. Aliburuza gurudumu lake juu ya vidole vya Kalume na kusema "Pardon" na tabasamu. Aliwaambia akina mama wa Kikongo waliokuwa wakingoja treni, kwa sauti ya kusikika ng'ambo, kwamba Kahenga yeye alikuwa na wafanyakazi wa kufagia kama huyu, na hakuwajua hata majina. Na alipokuwa akisukumwa juu ya ubao alipenda kutoa amri kwa Kifaransa, *doucement, doucement*, polepole, polepole, kama bado ana kofia.

Oloo, Mkenya aliyefanya kazi stesheni ya Liverpool na aliyempokea Siméon upande ule, aliisikia chuki kwenye simu. "Maze, Kalume," alimwambia siku moja, "hiyo beef yenu na huyo mzee itakumaliza. Wee weka ramp, sahau. Hii job ya serikali hupati tena."

"Ubao naweka," alijibu Kalume. "Nani amekuambia siweki?"

Ikaja Ijumaa ya Julai yenye upepo wa kukata masikio. Usiku wa kuamkia siku hiyo Généreuse alikuwa amepelekwa hospitali na kurudishwa, amekaa kitandani na kitambaa chake cheusi, akiwa ameshindwa hata kunywa uji. Kalume alikuja kazini moja kwa moja kutoka kwenye kitanda hicho. Mama Déborah na wanawake wawili wa mutualité walikuwa wamesimama jukwaani na mifuko ya sombe na samaki wakavu, wakielekea kwenye kilio huko Seven Hills. Siméon alikuwa karibu nao, blanketi mapajani, akiwasimulia jambo la kuchekesha.

Treni ya Liverpool ikaingia. Milango ikafunguka. Kalume alikuja na ubao mkononi, akasimama mbele ya kiti, na kwa mara ya kwanza tangu ile Fanta akasema Kiswahili.

"Mama yangu anakufa. Sema ulivyomwacha baba. Wamama hawa wapo. Sema neno moja, nilaze ubao."

Siméon alimtazama kama mkuu wa stesheni anavyomtazama mfagizi. "Weka ubao, petit. Treni haingojei."

"Sema."

"Weka!"

Kalume akageuka, akaona hakuna mtu mlangoni, akainua bendera. Gadi akafunga milango. Treni ikaondoka na joto lake lote, na Siméon akabaki jukwaani na upepo. Wale wanawake nao waliisahau treni yao. Kijana mmoja wa Kizungu aliyekuwa benchini alikuwa amekwisha kuinua simu yake na kuanza kupiga video.

Tuseme wazi: lilikuwa jambo baya. Mtu wa figo haachwi. Kalume alijua hivyo, lakini hasira ilikuwa imeshika usukani na yeye mwenyewe alikuwa abiria.

"Treni nyingine inakuja," alisema. "Na nyingine baada ya hiyo. Mimi nipo hapa mpaka jioni. Sema."

Hapo mzee alilipuka. Alipiga mkono wa kiti chake mpaka blanketi likaanguka chini. "Uniache basi! Uniache hapa sawa vile nilimuacha baba yako kwa levier! Unafikiri naogopa? Ni miye nilimuambia machiniste wa treni asipunguze mwendo, ni miye! Batu walikuwa bamejaa mu mabehewa, risasi inapiga, ningesimamisha treni juu ya mutu mumoja? Na leo ningemuacha tena! Umesikia? Tena!"

Sauti yake iligonga paa la jukwaa. Kisha akagundua ni nani waliomsikia.

Mama Déborah aliweka mfuko wake chini taratibu. Alikuja mpaka mbele ya kiti, akaliokota blanketi, akalikung'uta vumbi, akamrudishia mapajani kwa sababu hata adui hupigwa na baridi. "Alibakia na waasi," alisema. "Ndivyo ulituambia kambini. Ndivyo ulisema kanisani."

Siméon aligeuza kichwa. Alitazama reli.

Treni iliyofuata ilipofika Kalume alilaza ubao, akamsukuma ndani, akapiga simu kwa Oloo, akainua bendera. Alifanya yote hayo kama siku zote, ila hakuuliza sir anakwenda wapi.

Mutualité haikupoteza muda. Jumamosi iliyofuata ukumbi wa kukodi ulijaa, na kwa kuwa mwenye kumwona marehemu mwisho hakuitwa wala hakutakiwa, Mama Déborah alisimama mahali pake na kurudia maneno ya jukwaani, neno kwa neno, hadi lile "tena". Watu waliguna. Wanaume waliosema *traître* miaka yote hiyo ndio waliolia kwa sauti kubwa zaidi, ndiyo tabia yao. Matanga ya Wilondja yakakaliwa na yakaanuliwa. Wajane watatu walimfungua Généreuse kitambaa cheusi na kumfunga kitenge cha njano, naye akaomba kioo. Alijitazama kwa muda mrefu, akacheka kidogo, akasema amezeeka.

Ubaya ukahamia nyumba ya pili. Falone aliondolewa kwenye kwaya ya kanisa bila kosa lake, na hakuna aliyekaa tena kwenye kochi lake. Kalume aliambiwa na hakusikitika. Alisema ni zamu yao.

Lakini mkuki kwa nguruwe. Ile video ilizunguka: mzee mgonjwa kwenye kiti, mfanyakazi ameshika ubao, treni inaondoka. Haikuwa na maelezo ya Kahenga wala ya levier, na hata ingekuwa nayo yasingesaidia. Kalume aliitwa ofisini. Aliulizwa kama ni kweli, akasema ni kweli. Kibarua kikaota nyasi. Wakubwa walimwachia amalizie zamu za wiki ile kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumshikia, akiwa na msimamizi pembeni akimtazama.

Zamu yake ya mwisho ikaangukia Ijumaa. Jumatatu na Jumatano Siméon hakuonekana, na Kalume alifikiri hatakuja tena, kwamba Falone amepata teksi au gari la hospitali. Akaja. Aliteremshwa jukwaani kama siku zote, amekonda, kola ya shati imekuwa pana shingoni, na hakuna mama wa Kikongo aliyesimama karibu naye. Walikuwepo wawili, wakajisogeza mwisho wa jukwaa.

Walingoja treni ya Liverpool. Kalume alikuwa ameshinda na alitaka ionekane. Alisimama wima, ubao chini ya kwapa, na alikuwa amekwisha kupanga neno la kumwagia mzee: kwamba jina la baba yake sasa ni safi na la Siméon halitafuliwa mahali popote. Alikuwa analingojea lipate nafasi yake.

Treni ikaingia. Akalaza ubao, akashika kiti, akaanza kusukuma. Walipofika katikati ya ubao, gurudumu la mbele liko ndani na la nyuma liko jukwaani, Siméon alishika breki kwa mkono wake. Kiti kikagoma.

"Sikia, petit. Sikuombi msamaha."

"Toa breki."

"Nilipunga bendera treni ikimbie tangu behewa la kwanza linapita levier. La kwanza, si la mwisho. Miye nilikuwa nyuma, mulangoni, namuona. Baba yako alikuwa aiguilleur, anajua mwendo wa treni kuliko miye. Behewa la kwanza linamupita, akajua hatutasimama. Akainua kichwa akaniangalia." Mzee alimeza mate. "Kulibakia mabehewa kumi na moja. Wewe na mama yako mulikuwa mu ile ya saba."

Gadi alichungulia dirishani mwake. Msimamizi alipiga hatua moja mbele.

"Angeachia tu mikono, miye na mabaya yangu ningekufa palepale. Hakuachia. Alinichukia mpaka gurudumu la mwisho, na hakuachia." Siméon alifungua breki. "Wewe ulishika ubao, treni moja tu, na uliachia. Sukuma, twende."

Kalume akasukuma. Alikigeuza kiti, akakifunga mahali pake, akatoka nje, akaukunja ubao. Lile neno alilolipanga hakulikumbuka. Mlango ulibaki wazi, gadi akingoja bendera, na ilibidi msimamizi amwite mara mbili kabla hajainua mkono.